Habari ya hadithi? Nzuri

Kwenye kikao cha kikundi chetu cha waandishi, kurasa 8 za hadithi ya Mwalimu zilisomwa kwa sauti hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa hivi: mitumbwi inarudi Kibirizi imejaa dagaa, mwezi mpevu unawaka juu ya ziwa kama sinia la shaba.

Makofi. Mmoja akasema, "Nzuri sana." Mwingine akasema, "Hongera, Mwalimu, umetuwakilisha." Wa tatu akauliza kama chai imeshafika.

Darasani mle, hapa Mwanga, Kigoma, tulikuwa watu 11, na wasiopungua 4 wamekulia ufukweni. Hao 4 wanajua kwamba mwezi mpevu na mtumbwi uliojaa dagaa havikutani usiku mmoja. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa kwa taa. Giza likikolea, taa inawavuta juu, wavu unainuliwa. Mwezi ukishakuwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina cha kuwaonyesha, dagaa wanatawanyika. Siku hizo wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, na daftari la madeni dukani linanenepa.

Hakuna aliyesema.

Walisema baadaye, kwenye kituo cha bodaboda, wakicheka.

Kicheko kile kimenikaa kooni wiki tatu sasa.

"Nzuri" ni jibu la salamu

Ukiulizwa "habari za nyumbani?" unajibu "nzuri", hata kama paa limevuja usiku kucha na mtoto ana homa. Hujadanganya. Umejibu salamu. Taarifa yenyewe, kama ipo, inakuja baadaye mkishakaa.

Kikundini tumeishia kwenye salamu. Mtu anasoma kurasa 8, sisi tunamwitikia, halafu hatukai.

Na sababu yake siidharau. Mwalimu amestaafu, nusu ya waliokuwa mle ndani amewafundisha kushika kalamu. Kijana wa miaka 22 atasimamaje mbele yake amwambie kwamba mwezi wake umekosewa? Kwa malezi ya hapa, hilo ni tusi hata likisemwa kwa sauti ya chini. Ila heshima ile ilimfikisha wapi Mwalimu? Ilimfikisha kituo cha bodaboda, akichekwa na watu ambao hawezi kuwajibu. Kitabu kikishachapwa, kituo hicho kinakuwa kila mahali penye msomaji anayelijua ziwa.

Lakini si hadithi ya kubuni?

Hapa nilisita siku kadhaa. Mwandishi ana ruhusa ya kubuni. Kama amebuni mvuvi, amebuni mke wa mvuvi na mtumbwi wake, mwezi unamshindaje?

Nilitaka kuliacha hapo. Kilichonirudisha ni swali ambalo mwenzetu mmoja, mama anayeuza dagaa, hatimaye alimuuliza Mwalimu kwa simu. Hakumwambia umekosea. Aliuliza: "Shikamoo Mwalimu. Usiku ule wa mwisho, mwezi ulikuwa na siku ngapi?"

Mwalimu alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe huyu bwana alikuwa nyumbani."

Alikuwa nyumbani. Siku ya tano hajaingia ziwani, hana hela, mke anamtazama, na huo mwanga mzuri unaosifiwa na wageni wa hotelini ndio unaomnyima chakula. Hadithi iliyokuwa na picha ya kalenda mwishoni imepata mgogoro, na umetoka kwenye kosa lile lile tulilolipigia makofi.

Tangu hapo sisemi tena kwamba usahihi unambana mbunifu. Mwezi uliokosewa ulikuwa umekalia hadithi nzima.

Kagua kabla hujaleta

Makosa yanayojirudia kwenye kazi zetu ni yale yale, na karibu yote yanakaguliwa ukiwa umekaa mezani.

Anza na jua. Kigoma jua linazama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Halichomozi ziwani. Kama mhusika wako anatazama jua likitoka majini, basi amesimama Kalemie, ng'ambo. Na saa: tunatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, lakini tuko magharibi yake kwa karibu digrii 10, kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 40 baadaye. Hapa saa 12 kamili asubuhi jua halijachomoza mwezi wowote wa mwaka. Sentensi ya "saa 12 asubuhi, jua kali likimchoma mgongoni" imeandikwa na mtu aliyezoea riwaya za pwani.

Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama na kuzama jua linapochomoza. Haupandi usiku wa manane. Mwezi mwandamo unaonekana magharibi, muda mfupi baada ya magharibi, kisha unafuata jua. Ukitaja sikukuu, umeshataja mwezi bila kujua: Idi el-Fitri ni Mfunguo Mosi, siku ya kwanza, kwa hiyo usiku wake ni wa giza, na kwa mvuvi wa dagaa ni usiku wa kazi. Idi el-Hajj inaangukia siku ya 10 ya Mfunguo Tatu, mwezi umeshakuwa mkubwa. Pasaka inafuata mwezi mpevu, hivyo Ijumaa Kuu ina mwanga. Ujiji yupo mzee wa kukuhesabia haya kwa vidole bila kufungua simu. Muulize.

Kisha miaka. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Babu wa mhusika hawezi kushuka stesheni ya Kigoma mwaka 1905. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, na kwa hiyo mpagazi wa enzi hizo alitembea kwa miguu hadi Bagamoyo. MV Liemba ilishushwa majini 1915 ikiwa na jina la Kijerumani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, na ikarudi kazini kwa jina la Liemba mwaka 1927. Abiria wako wa mwaka 1920 atafute mtumbwi. Na juzi juzi tu: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukiweka mavuno ya Julai 2024, umeandika uvuvi haramu, na huenda hiyo ndiyo hadithi bora zaidi, ila uwe umekusudia.

Namna ya kukaa na kazi ya mwenzako

Huu ndio utaratibu tutakaoujaribu kuanzia kikao kijacho. Si wa kudumu.

Kazi ifike Jumatano jioni, isiletwe siku ya kikao. Maneno yasizidi 1,500. Kwa mwendo wa kawaida wa kusoma Kiswahili kwa sauti, hayo ni dakika 12 au 13, na kwa saa mbili tunasoma kazi mbili na kubaki na muda wa kuongea. Kurasa 8 za Mwalimu zilimaliza muda wote. Hata aliyetaka kusema hakuwa na pa kusemea. Chapa kwenye A4, herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pembezo ya kulia sentimita 4 kwa ajili ya penseli. Weka namba za kurasa na namba za mistari. Bila namba za mistari nusu ya kikao inaishia "wapi hapo?", "pale chini kidogo", "kabla ya yule mama".

Ukituma kwa simu, tuma faili. Ukibandika maandishi kwenye ujumbe, mpangilio unaharibika na tunakukosoa kwa makosa ya simu.

Mwandishi hasomi kazi yake mwenyewe. Anasoma mtu mwingine, bila mazoezi. Akisoma mwenyewe, sauti yake inaziba mashimo yote: anajua wapi pa kupumua, wapi pa kukaza. Msomaji mgeni akikwama, weka alama hapo hapo. Akiishiwa pumzi, sentensi ni ndefu. Akirudia mstari, mara nyingi kosa ni la viambishi, kama hapa:

"Alimwambia kwamba alimwona akimpa fedha na hakumficha."

Nani alimwona nani? Kiswahili hakina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume" wa kutuokoa. Watu wawili wakishakuwa kwenye a- na -m- moja, wa tatu akiingia ni lazima jina lirudi, au cheo, au ukoo: mjomba, muuzaji, Bi mkubwa. Mwandishi haoni tatizo kwa sababu yeye anawaona wote watatu kichwani. Pembeni mwandikie neno moja tu: "nani?"

Wasikilizaji wana alama tatu. Tiki ni mahali ambapo ulisahau kwamba uko kikaoni. Mstari wa mawimbi ni mahali ulipopotea. Alama ya kuuliza ni mahali ulipoacha kuamini. Usiandike "rekebisha" wala "nzuri". Umeombwa taarifa ya msomaji, hukumu haijaombwa.

Kabla ya maoni yoyote, watu wawili waisimulie hadithi kwa sentensi mbili mbili. Wakisimulia hadithi mbili tofauti, acheni habari za koma na nukta. Tatizo liko kwenye mifupa.

Kisha maoni, na hapa kuna jambo nililoliwazia kwa muda mrefu: nani aanze?

Kwa desturi anaanza mkubwa. Lakini mkubwa akishasema "nimeipenda", waliobaki wanaitikia. Kwa hiyo aanze mdogo wa umri, tupande hadi kwa mkubwa. Mzee hapotezi kitu, maana hata kwenye vikao vya ukoo mwenye heshima ndiye anayefunga. Anakuja mwisho, ameshasikia wote, anapima.

Mwandishi wakati huo ananyamaza na kuandika. Hili lilinipa shida zaidi ya yote. Ngano zetu zina "Paukwa!" na "Pakawa!", msimulizi anajibiwa, anajibu, anabadili njia katikati. Mwandishi aliyekaa kimya akisemwa anafanana na mshitakiwa. Bado sijaridhika kabisa. Ila nimeona mara nyingi mwandishi akisema, "Hapana, hapo nilimaanisha kwamba baba yake alishakufa." Kifo hicho hakimo kwenye karatasi. Kila maelezo unayoyatoa kwa mdomo ni sentensi iliyokosekana, na msomaji wa Kasulu hatakupata umpigie maelezo. Basi andika, usijibu. Mwishoni una dakika 5 za kuuliza maswali yako.

Anayejua kazi inayosimuliwa, iwe uvuvi, uuguzi, kukamua mawese au kuendesha lori la Kibondo, aulize swali badala ya kutoa hukumu. Swali la mama muuza dagaa ndilo mfano wangu. Lina shikamoo ndani, na limefanya kazi ambayo makofi hayakuifanya.

Kalamu na karamu

Kiha kinapenda r, Kinyamwezi kinapenda l, na kikundi chetu kina vyote viwili. Kwenye maongezi hakuna shida. Kwenye mswada, "alitoka mbari" na "alitoka mbali" ni safari mbili tofauti, na "alimkuta mahari pale" imemwozesha mtu kabla ya wakati.

Wengi programu yao ya kuandikia imewekwa Kiingereza. Kila neno linapigiwa mstari mwekundu, kwa hiyo jicho linazoea na haliuoni tena hata pale unapostahili. Badilisha lugha ya ukaguzi iwe Kiswahili. Hata hivyo haitakamata kalamu na karamu, kwa kuwa yote ni maneno halali. Dawa ni kutafuta jozi moja moja: kula na kura, mahali na mahari, hali na hari, mbali na mbari. Ongeza na za h: aya na haya, ama na hama. Ni kazi ya dakika 20 kwa hadithi nzima.

Na kile kikoma cha juu cha ng'ombe na ng'ambo: simu inaweka cha aina moja, kompyuta inaweka cha aina nyingine. Ukitafuta "ng'ambo" unapata 3, kumbe zipo 9. Badilisha vyote viwe vya aina moja kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa washairi, kwa ufupi

Mnaoandika ya mizani, hesabuni silabi, msihesabu kwa sikio la uchovu. Mtu ni 2, nchi ni 2, nyumba ni 2, mwalimu ni 3, mgonjwa ni 3. Tazama:

"Ziwa letu Tanganyika, lina samaki wengi."

Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una 8; utao, nusu ya pili, una 7. Mkono wa haraka utachomeka neno lisilo na kazi: "lina na samaki wengi". Mizani imetimia na mshororo umekufa. "Lina migebuka mingi" ni 8, na sasa tunajua tuko wapi. Upungufu wa mizani mara nyingi ni ishara kwamba neno ulilochagua ni la jumla mno.

Kurasa 132

Sasa habari ya mkusanyiko wetu. Hadithi ni 14, wastani wa maneno 2,500, jumla 35,000. Kwenye ukurasa wa A5 wenye herufi za 11 yanaingia kama maneno 300, kwa hiyo ni kurasa 117. Ongeza 8 za mwanzo: jina la kitabu, hakimiliki, yaliyomo, dibaji. Kila hadithi ikianza ukurasa mpya tunapoteza wastani wa nusu ukurasa, mara 14, ni kurasa 7 zaidi.

Jumla 132. Na 132 ni namba mbaya.

Kwenye mashine kubwa ya ofseti, karatasi moja kubwa ikichapwa pande mbili na kukunjwa inatoa kurasa 16. Mikunjo 8 ni kurasa 128. Ukurasa wa 129 unafungua mkunjo wa tisa, na tunalipia 144 ili 12 zibaki tupu. Wapo wachapaji wanaokubali nusu mkunjo, tukafika 136, lakini bado tutakuwa tumenunua hewa. Tukipunguza kurasa 4 tunarudi 128. Ni maneno 1,200 kwa waandishi 14, kama 86 kwa kila mmoja. Aya moja. Kila mtu anayo aya ya upepo mwanana wa asubuhi asiyoihitaji, aianzie hiyo.

Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 128 ni karatasi 64, basi mgongo ni milimita 6.4 na jina litakaa. Mwambieni mchapaji nyuzi za karatasi zifuate urefu wa mgongo. Zikipita kinyume, unyevu wa ziwa ukiingia kitabu kinajikunja kama chapati ya jana, na gundi inaachia katikati. Pelekeni PDF yenye herufi zilizopachikwa ndani. Faili ya kuandikia ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na herufi zenu, mistari inahama, na 128 yenu inaweza kuamka ikiwa 131.

ISBN inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla ya kuchapa, kwa kuwa namba hiyo ya tarakimu 13 inaingia kwenye jalada la nyuma. Hakimiliki mnayo tayari: Sheria Namba 7 ya 1999 inailinda kazi tangu ilipoandikwa, kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake. Kinachokosekana ni karatasi moja ambayo kila mmoja wenu anasaini kwamba anaruhusu hadithi hii moja iingie kwenye kitabu hiki kimoja, na haki nyingine zinabaki kwake. Mkaisaini kabla fedha hazijaanza kuonekana. Baada ya hapo undugu unakuwa mgumu.

Wanaofikiria Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania: someni masharti ya mwaka husika, msitegemee nakala ya mwaka jana inayozunguka kwenye simu.

Jumamosi

Tuanze saa 9 alasiri, darasa lile lile. Leteni penseli, maana kalamu ya wino mwekundu inamkumbusha kila mtu shule. Nakala zitakuwa 11. Msomaji wa kazi ya kwanza ni kijana wetu wa Gungu, na asiisome kabla.

Kazi ya kwanza ni ya Mwalimu. Ameomba mwenyewe atangulie, na amekata hadi maneno 1,480. Mwezi mpevu bado upo mwishoni, juu ya mitumbwi iliyovutwa mchangani.